Lijamu la Lesian

Kwanza yalikuwa maji ya brashi.

Elinaza alikuwa na mazoea ya kuacha ndoo ndogo chini ya meza yake ya kuchorea, imejaa maji meusi aliyosuuzia brashi mchana kutwa. Jumatatu moja ya mwezi wa nne, masika yakiwa yameshaanza, alifungua chumba chake cha kazi nyuma ya nyumba waliyopanga Levolosi, akaikuta ndoo tupu. Maji hayakumwagika, maana sakafu ilikuwa kavu. Akadhani mkewe ameyatoa. Jumanne ikawa vilevile. Jumatano ndoo ilikuwa imelambwa ikang'aa, hata ule utando wa wino unaoganda pembeni haukuwepo.

"Mama Hope," alimwita mkewe, "nani anamwaga maji yangu ya brashi?"

Anyesi alikuwa anafunga mzigo wa nguo za mitumba, aupeleke gulioni Ngaramtoni. "Mimi huko kwako siingii. Kunanuka."

"Kunanuka nini?"

"Kama banda. Nilidhani umeleta mnyama."

Mtoto wao Hope, mwenye miaka tisa, alikuwa mezani na kikombe cha chai. Aliposikia neno banda akacheka, na alipocheka baba yake akamwona ulimi. Ulikuwa mweusi. Ufizi wake nao ulikuwa mweusi, na kwenye pembe za midomo wino ulikuwa umekauka.

"Hope! Umekunywa yale maji?"

Mtoto akamtazama kama hajaelewa. "Maji gani, baba?"

Elinaza alimsafisha kinywa kwa kitambaa, akamwambia mkewe ni mchezo tu wa watoto. Lakini yeye mwenyewe hakuamini, kwa sababu alikuwa na jambo moyoni ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa pili. Kabla ya hapo Elinaza aliishi kwa kuchora tembo na twiga wa kuwauzia watalii. Ndipo Oscar, meneja wa hoteli moja chini ya Mlima Meru, alipomtafuta. Alitaka picha kumi na mbili kubwa za wino na maji za kutundika mapokezi, zote zionyeshe ile vita ya zamani, Wajerumani wanafukuzwa na Makaburu waliokuja na farasi.

"Nataka vurugu," Oscar alisema. "Vumbi, moshi, farasi juu ya farasi. Mgeni akiingia ashtuke."

Elinaza alikuwa hajawahi kuchora farasi. Alikwenda kwenye shamba moja huko Usa, nje kidogo ya mji, wanakofugwa, akakaa uani wiki nzima akichora miguu, shingo, pua zinazopanuka. Akarudi, akaanza. Alijifunza kwamba farasi mmoja unaweza kumchora kwa mstari, ila farasi arobaini wanaokimbia huwezi. Hao unawachora kwa maji. Unalowesha karatasi, unadondosha wino, unauacha uende unakotaka, halafu kabla haujakauka unatafuta ndani yake jicho, kwato, mkono ulioshika bunduki. Picha zikawa nzuri. Ila zilikuwa na kasoro moja, na yeye mwenyewe aliiona: hazikuwa na hofu. Farasi wake walikuwa wanakimbia kama wako kwenye mashindano.

Ndipo mtu akamwelekeza Kisongo, kwa bibi mmoja wa Kiarusha aliyeitwa Koko Naisula. Aliambiwa kwamba ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa na kitu cha farasi cha enzi za vita ile.

Koko Naisula alikuwa na miaka themanini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alipokea shikamoo yake, akampa kigoda na chai ya maziwa, akamtazama mikono kwa muda mrefu. Kisha akamsimulia.

Baba mkwe wake alikuwa na kaka aliyeitwa Lesian. Askari wa farasi walipopita kwenye mvua, waliwakamata vijana wa kuongoza wanyama. Lesian alijua wanyama, basi akapewa farasi wa kijivu wa mkubwa wao. Akatoroka mara mbili, akakamatwa mara mbili. Mara ya tatu hawakumchapa. Walimfunga mkono wa kulia kwa ukanda wa ngozi kwenye lijamu, kile chuma anachotiwa farasi mdomoni, ili asiweze kwenda popote bila farasi. Siku ya mapigano, huko tambarare, bunduki za rashasha zilipoanza farasi wote walichanganyikiwa, wakarukiana, wakakanyagana, na Lesian akiwa amefungwa katikati yao. Ndugu zake walimtafuta siku tatu. Walichokipata ni lijamu, ukanda, na mkono.

"Mkono walizika," Koko Naisula alisema. "Hiki kikabaki."

Alifunua kitambaa. Lilikuwa lijamu zito, limeliwa na kutu, na kwenye pete yake moja kulikuwa na ukanda mweusi wenye kifundo kilichokazwa kikawa kigumu kama jiwe.

"Kila mwaka mvua zikianza tunawapa maziwa, wote wawili. Farasi alipagawa siku ile, akafa amepagawa, na hivyo ndivyo alivyo. Lesian bado amemshika. Akiwa hapa nyumbani anatulia, naye farasi anatulia." Aliongea kama mtu anayeeleza namna ya kutunza ndama. "Nakuazima siku saba. Chora, kisha urudishe kabla mvua hazijakolea. Na umchore yeye, mwanangu. Usichore farasi peke yao."

"Nitamchora, koko. Naahidi."

Na alimchora. Lijamu lilipokaa juu ya meza yake hofu iliingia kwenye karatasi bila kuitwa. Picha ya saba ilikuwa bora kuliko kitu chochote alichowahi kufanya. Wimbi la farasi lilikuwa linavunjika kutoka kila upande, macho meupe, matumbo wazi, wapandaji wameshika manyoya wasiangushwe, na katikati kijana mmoja mwembamba anayening'inia kwenye taya la farasi wa kijivu, miguu haigusi chini.

Oscar alipokuja kuitazama aliisogelea mpaka pua ikakaribia karatasi. Kisha akaweka kidole juu ya yule kijana. "Huyu mtoe, bwana. Wageni wanakuja kupumzika. Mtu amefungwa kamba, aisee, hapana." Halafu akaliona lijamu. "Na hiki umekitoa wapi?"

Elinaza mwenyewe hakujua kwa nini alijibu alivyojibu. Labda ni kwa sababu Oscar alikuwa ameanza kumtazama kwa heshima.

"Cha babu yangu," alisema.

Jioni ile, kwa ombi la Oscar, lijamu lilikwenda kukaa kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Elinaza akazimua wino, akapaka juu ya Lesian mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka kijana akageuka kivuli cha farasi. Siku saba zikawa kumi, zikawa mwezi. Koko Naisula alipiga kwa simu ya mwanawe. Mara ya kwanza Elinaza alisema gari limeharibika. Mara ya pili alisema mtoto anaumwa. Mara ya tatu aliiacha iite.

Sasa mtoto alikuwa na ulimi mweusi.

Alhamisi mchana mvua ilinyesha kwa nguvu, na Meru yote ilikuwa imemezwa na wingu. Elinaza alikuwa sebuleni na mkewe waliposikia sauti kutoka chumba cha kazi. Kr-kr. Kimya. Kr-kr-kr. Ilikuwa sauti ya chuma kinachotafunwa, polepole, kama mnyama aliyesimama anasubiri.

"Unasikia?" Anyesi alinong'ona.

"Ni bati. Upepo."

"Hakuna upepo, baba Hope."

Walikwenda pamoja, yeye mbele, mkewe amemshika shati. Harufu iliwapokea kabla ya mlango: jasho la mnyama mkubwa, mavi mabichi, na chini yake kitu kikali kama baruti siku ya mwaka mpya. Hope alikuwa amesimama mbele ya picha ya saba, amewapa mgongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umenyooka, kiganja kimelegea, kama mtu aliyefungwa kwenye kitu kirefu kuliko yeye. Alipogeuka waliona kijiko cha kulia wali kimekaa kwa upana mdomoni mwake, nacho alikuwa anakisaga, anakisaga, na povu jeupe lenye wino lilikuwa linadondoka kwenye gauni la shule.

Anyesi alipiga kelele, akamrukia, akajaribu kumtoa kile kijiko. Hakikutoka. Ule mkono mdogo haukushuka hata walipouvuta wote wawili, na kwenye kifundo cha mkono ngozi ilikuwa imebonyea duara zima, nyekundu, inachimbika mbele ya macho yao ingawa hakuna kitu kilichoibana.

Kisha kijiko kikaanguka chenyewe, na Hope akasema kwa sauti ya kijana wa kiume aliyechoka: "Enkaina ai."

Nyumbani kwao walizungumza Kimeru na Kiswahili. Hope hakujua neno moja la Kimaasai.

"Amesema nini?" Anyesi alikuwa analia bila sauti. "Amesema nini, baba Hope?"

Elinaza alikulia kwa majirani Waarusha, wanaozungumza lugha hiyo. Alielewa. Mkono wangu. "Sijui," alijibu.

Walimpeleka hospitali. Daktari alipima damu, akasafisha tumbo, akasema haoni tatizo. Mchungaji alikuja na wazee wawili wa kanisa wakaomba saa nzima. Hope alikaa ametulia, macho chini, na walipomaliza kusema amina waligundua kwamba muda wote alikuwa anakula kiti, meno yake yamezama kwenye chuma cha mgongo wa kiti na rangi imebanduka. Mtoto hakula chakula siku mbili. Alikunywa maji tu, ndoo nzima, kwa kuinamisha uso ndani yake. Na kila mvua ilipoanza mkono ulipanda.

Jumamosi alfajiri, kukiwa na mwanga wa kijivu tu dirishani, Elinaza aliingia peke yake kwenye chumba cha kazi achane picha, achome, afanye chochote, na pale mlangoni akasimama asiweze kusogea, kwa sababu picha zote zilizobaki pale, zile alizozichora yeye mwenyewe kwa mkono wake, ambazo farasi wake walikuwa wanakimbia kutoka kushoto kwenda kulia huku wametazama mbele, sasa farasi wale wale walikuwa wamegeuza vichwa, wote, wakubwa kwa wadogo, hata wale wa nyuma kabisa aliowaweka kwa tone moja la wino, walikuwa wamegeuza vichwa wakimtazama yeye, na karatasi zilikuwa zinapanda na kushuka ukutani taratibu kama mbavu za kitu kinachopumua.

Anyesi alimkuta ameketi chini kizingitini.

"Elinaza," alisema. Hakumwita baba Hope. "Umefanya nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, mpaka ile simu aliyoiacha iite. Anyesi alimsikiliza amesimama. Hakumtukana. Alisema tu, "Uliusema huo uongo wa gari, mimi nikiwa jikoni nakusikia. Nikadhani unamkwepa mteja." Kisha akaenda kumvalisha mtoto sweta.

Elinaza alikwenda hotelini kwanza. Alikuwa amejiandaa kubembeleza, lakini Oscar alimlaki nje, chini ya mwavuli, amekonda.

"Umekuja kuchukua kile kitu? Chukua. Leo. Kile kioo kinaota ukungu, Elinaza, na ukungu uko kwa ndani. Tunafuta, tunafunga, unarudi. Kama mtu anapumulia. Wahudumu wawili hawataki tena kukaa mapokezi." Alimpa funguo, yeye mwenyewe hakuingia. "Samahani kusema, ila babu yako hana adabu."

"Si babu yangu," Elinaza alisema. "Nilikudanganya. Ni cha watu."

Oscar alirudi nyuma hatua moja, akamwachia njia.

Walikodi gari aina ya Noah, wakaenda Kisongo wote watatu. Lijamu lilikuwa kwenye mfuko miguuni pa Elinaza, picha ya saba imekunjwa kwenye bomba la plastiki, Hope amelala mapajani kwa mama yake. Dereva alilalamika njia nzima kwamba gari lake ni zito, linavuta nyuma. Mara mbili alisimama kutazama kama amebeba kitu.

Bomani kwa Koko Naisula walipokewa na mwanawe, Saruni, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, amevaa koti la mvua. Elinaza alimsalimia, akauliza koko yuko wapi.

"Tumemzika," Saruni alisema. "Leo siku ya tisa."

Elinaza aliushika mfuko kwa mikono miwili.

"Tulimkuta zizini asubuhi, ameshika kibuyu cha maziwa. Kifua kilikuwa kimevunjika chote. Hospitali walisema amekanyagwa na ng'ombe." Saruni alitupa jicho zizini. Alipoendelea alipunguza sauti, kama anaogopa kusikiwa na zizi. "Ng'ombe wangu siku ile hawakulala hapa. Walikuwa kwa jirani, kwa ajili ya chanjo. Zizi lilikuwa tupu. Wewe ni nani?"

"Ni mimi niliyekuwa sipokei simu."

Ilikuwa kama amempiga kofi. Saruni alitazama mfuko, akamtazama mtoto aliyekuwa mikononi mwa mama yake na mkono mmoja ukianza kupanda, akatazama tena mfuko.

"Alikungoja," alisema. "Nilimwambia, yeyo, mama yangu, huyo mtu ni mwizi, achana naye, ni chuma tu. Mimi ni mzee wa kanisa, ndugu yangu. Mambo ya maziwa nilimwachia yeye, nilikuwa namcheka. Mvua zilipoanza na kile kitu hakipo, akasema atawapa maziwa hivyo hivyo, labda watasikia. Alikwenda peke yake. Mimi nilikuwa ndani nakunywa chai." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mlete mtoto."

Mvua ilikuwa inarudi. Waliingia zizini, wakazama kwenye tope mpaka vifundoni. Saruni alileta maziwa kwenye kibuyu kilekile, akaweka lijamu juu ya jiwe bapa, akamimina taratibu, akisema maneno aliyokuwa akiyasikia tangu utotoni na hakuwahi kuyatamka. Alimwita Lesian kwa jina. Alimwita mara tatu. Maziwa yalipita juu ya chuma yakateremka kwenye tope, na hakuna kilichobadilika, ila Hope, ambaye Anyesi alikuwa amemkumbatia kwa nguvu zake zote, alianza kusaga meno mpaka wakasikia moja limepasuka.

"Hataki," Saruni alisema. "Mungu wangu, hataki."

"Ngoja," Elinaza alisema. "Ngoja. Niliahidi kitu kingine."

Aliitoa picha ya saba akaitandaza juu ya uzio wa miti, mvua iipige. Mistari ya picha ile alikuwa ameichora kwa wino usiotoka kwa maji, lakini kile kivuli alichompakia Lesian kilikuwa cha wino mwepesi, nao ukaanza kuteremka. Uliteremka mweusi, kisha wa kijivu, ukachuruzika kwenye miti, na nyuma yake kijana akaanza kutokea, kwanza miguu inayoning'inia, kisha mbavu, kisha bega lililochomoka, kisha mkono uliofungwa, na mwisho uso, na hapo Elinaza akarudi nyuma hatua moja kwa sababu uso ule hakuuchora yeye, yeye alikuwa amemwekea kijana yule uso wowote tu, macho mawili na mdomo wazi, lakini huyu alikuwa mtu, alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi na masikio yaliyotobolewa, na alikuwa na sura ya Saruni, sura ya Saruni kabisa akiwa na miaka kumi na minane, na alikuwa anamtazama Elinaza pasipo hasira yoyote, anamtazama kama mtu anayemwomba mpita njia msaada mdogo.

"Enkaina ai," Hope alisema.

Saruni alitoa mguno. Alikuwa ameuona uso.

"Anataka nini?" Anyesi alilia. "Jamani, anataka nini kwa mwanangu?"

"Anataka kufunguliwa," Elinaza alisema.

Wote wakatazama kile kifundo. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa boma lile walikuwa wamekitunza, wamekinywesha maziwa, na hakuna aliyewahi kukifungua.

"Mama alikataza kisiguswe," Saruni alinong'ona. "Alisema hatujui itakuwaje."

"Niache mimi nijue."

Alipiga magoti kwenye tope, akashika ukanda. Ulikuwa mgumu kama mfupa. Alijaribu kwa kucha, kucha mbili zikang'oka. Akainama, akakishika kifundo kwa meno, akaonja chumvi, na akaendelea, huku juu yake mvua inanyesha na nyuma yake mtoto wake anasaga meno na mahali fulani karibu sana, ndani ya zizi lile lisilo na mnyama hata mmoja, kitu kizito kinaanza kuzunguka, kinapiga tope kwa kwato, kinapumua kwa kukoroma, kinakuja na kurudi, kinakuja tena, mpaka akahisi joto la pumzi yake kwenye shingo, na bado hakuacha, alikuwa anamfikiria bibi mmoja mfupi aliyesimama hapahapa na kibuyu, peke yake, anaita watu ambao lijamu lao limeibwa. Kifundo kikalegea. Kikafunguka.

Mkono wa Hope ukaanguka. Mtoto alilegea mikononi mwa mama yake, akatema damu na kipande cha jino, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, kilio cha kawaida cha mtoto aliyeumia. Na wote wanne walisikia nyayo tupu zikikimbia kwenye tope, nyepesi, za haraka, za kijana, zikapita katikati yao, zikaruka uzio, zikatokomea upande wa mlimani. Saruni alizifuata kwa macho mpaka mwisho, machozi yakimtoka.

"Nenda, baba," alisema polepole. "Nenda."

Hope akainua kichwa kutoka kifuani kwa mama yake, akatazama juu ya bega la baba yake, mahali palipokuwa hapana kitu.

"Baba," alisema, "sasa huyu farasi nani anamshika?"

Elinaza alikuwa ameshamhisi. Ukanda ulikuwa bado kwenye kiganja chake, na ukanda ulikuwa unavuta. Kilichokuwa upande wa pili kilirudi nyuma, kikatupa kichwa, na bega lake likakaribia kuchomoka. Angeweza kufungua vidole. Aliliona lango la zizi likiwa wazi, na nje ya lango nyumba za Saruni, watoto watatu wamejikinga mvua chini ya paa wakiwatazama, na kando ya nyumba lile tuta la udongo mpya lenye msalaba wa mbao.

Akauzungusha ukanda kwenye mkono wake, mzunguko mmoja, halafu wa pili. Akakaza kwa meno.

"Mimi," alisema. "Namshika mimi."

Hope alipona. Kufikia mwezi wa sita alikuwa amerudi shule, na jino lilikuwa kitu cha kuwaonyesha wenzake. Oscar alipewa picha kumi na moja, na hakuuliza ya kumi na mbili.

Elinaza anachora kwa mkono wa kushoto sasa, anajifunza upya kama mtoto. Wa kulia hautumii. Watu wa Levolosi wanamwona akipita dukani mkono umenyanyuka kidogo mbele yake, vidole vimefumba, ukanda mweusi kwenye kifundo cha mkono, na wanasema amepooza. Hawabishii. Anyesi halali tena upande wake wa kulia. Mvua zikikaribia anamwona mumewe ameketi uani, jasho linamtoka, anaongea kwa upole na kitu kirefu kuliko yeye, shi, shi, tulia, na asubuhi bega lake linakuwa limevimba.

Kila Jumamosi Saruni hutoka Kisongo kuja kumsalimia. Huleta maziwa, huketi naye, huongea habari za ng'ombe na za kanisa. Wakati wa kuondoka husimama, akavua koti, akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Nipe nishike kidogo, kaka," husema. "Hata saa moja tu. Upumzike."

Elinaza huutazama ule mkono kwa muda. Kisha hutikisa kichwa.

"Bado," hujibu. "Leo ametulia."